Mishale Mia Nne na Kumi na Miwili

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya kwenye ramani ile hakikuwa ukubwa wake, ingawa ilijaza ukuta mzima na pembe yake ya chini ilikunjwa kupisha meza ya chai. Aliona ncha za mishale. Zote zilikuwa zinatazama ndani.

Alizifuata moja moja kwa macho, kama mtu anayetafuta uzi uliokatika kwenye kitambaa. Mishale ilitoka barabarani, ikapita kwenye mageti kumi na mawili, ikapanda ngazi, ikaishia kwenye viti. Hapo ikakoma. Hakuna hata mmoja uliogeuka.

Mbele ya ramani alisimama Mkurugenzi wa Idara ya Mtiririko wa Watu, akisoma tangazo kwa sauti ya mtu anayefungua daraja.

"Siku ya kuzindua uwanja mpya," alisoma, "watu elfu sitini wataingia kwa muda wa saa moja na dakika kumi. Wataingia bila kusukumana, bila kuulizana na, ikiwezekana, bila kufikiri. Mshale utafikiri kwa niaba yao."

Wajumbe wakapiga makofi. Shangazi, mwenye karakana ya mabango iliyopewa kazi ya kuchora mishale, naye akapiga, vidole vikiwa bado na rangi ya jana. Kimya hakupiga kwa sababu alikuwa amebeba makopo mawili ya sampuli. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa.

Kimya halikuwa jina lake. Shangazi alimbandika jina hilo kwa kuwa aliweza kushinda karakanani toka asubuhi mpaka jioni akasema maneno matatu, na moja likiwa shikamoo. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka Bibi alipovunjika goti na nyumba ikakosa mtu wa kumshika mkono kwenda bafuni. Tangu siku hiyo, kila alipokutana na jambo asilolielewa, Kimya alikuwa na mahali pa kuliweka: aliliweka darasa la sita. Benki, fomu za hospitali, maneno ya wanasheria redioni, vyote vilikuwa huko, kwenye darasa ambalo hakuingia.

Kwa hiyo alipoona mishale yote inaingia, alilitafakari jambo hilo kwa heshima zote na akapata jibu la kumridhisha. Kutoka kunafundishwa darasa la sita. Watu hawa walikuwa wamepita la sita, la saba, sekondari, chuo, na wengine semina. Haiwezekani wote kwa pamoja wawe wamesahau jambo ambalo mbuzi aliye zizini analikumbuka.

Tena Idara haikuwa ya watu wa mchezo. Ilikuwa imeendesha mikutano mikubwa kwa miaka kumi na tisa, yote katika viwanja vya wazi. Huko wananchi walikuwa wakiingia kwa utaratibu wa Idara, na ikifika jioni walitawanyika kwa utaratibu wao wenyewe, kila mmoja akielekea kwao. Katika miaka yote hiyo Idara haikupokea hata barua moja ya kulalamikia kutoka. Ikahitimisha kwamba kutoka ni tabia ya asili, kama kupiga chafya, na haihitaji kupangiwa bajeti. Tofauti ya safari hii ni kwamba uwanja ulikuwa na ukuta.

Kazi ikaanza. Chombo chao kilikuwa kadi ngumu iliyokatwa katikati tundu lenye umbo la mshale. Unaibandika ukutani, unapitisha brashi mara mbili, unaibandua, mshale umebaki. Kimya alikuwa na mkono mwepesi. Alichora mishale ya ngazi, ya vichochoro, ya vyoo. Ile ya vyoo nayo ilikuwa inaingia tu, akaona hapo sasa wasomi wamemzidi kabisa.

Siku moja, akisuuza brashi kwa thina, alifungua mdomo.

"Shangazi."

"Ee."

"Ile mishale."

"Imefanyaje?"

Kimya akaiangalia brashi. Brashi haikumsaidia.

"Hakuna."

"Shangazi, mishale, hakuna," Shangazi alihesabu kwa vidole. "Maneno yako ya leo yameisha, mwanangu. Kanywe chai."

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alikuja karakanani na rula kukagua urefu wa ncha. Alifuatana na Afisa wa Maingilio, kijana mnene aliyeandika kila kitu, hata kikohozi cha bosi wake alikiwekea alama. Mkurugenzi alipima mishale minne, akatingisha kichwa, kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Mkono wa Kimya ulinyanyuka wenyewe. Ulinyanyuka kama darasani, kidole kimoja juu. Karakana nzima ikamgeukia. Shangazi alishika kiuno.

"Binti ana swali," alisema Mkurugenzi. "Sema, usiogope."

Swali lilikuwepo. Lilikuwa fupi na limeiva: watatokea wapi? Lakini lilipofika kwenye meno lilikuta macho manane yanalingoja, likarudi lilikotoka, na mahali pake likapita neno lingine ambalo hata yeye hakulitarajia.

"Rangi," alisema. "Ikauke kwanza."

Mkurugenzi akavua miwani.

"Umesikia hilo?" alimwambia Afisa. "Rangi ikauke kwanza. Tumekaa vikao kumi na vinne, na hakuna aliyeliona. Andika."

Likaandikwa. Likawa Kanuni ya Saba katika Mwongozo wa Mishale: hakuna mshale utakaotambulika kabla rangi yake haijakauka. Huo ndio mchango pekee wa Kimya katika utawala wa nchi, na kwa siku tatu Shangazi alimwita Mheshimiwa.

Ilipobaki siku moja, Bibi alirudi kutoka ofisi ya mtaa akipunga tiketi. Wazee walikuwa wamepewa viti vya juu kabisa, karibu na geti la nne, ili waonekane vizuri kwenye kamera.

"Usiende, Bibi," Kimya alisema.

"Kwa nini?"

"Kuna ngazi nyingi."

"Ngazi nitapanda moja moja, zinanisubiri. Mjukuu wangu amechora uwanja mzima, nami nibaki nyumbani nisikilize redioni?" Alijifunga kilemba chake cha manjano mbele ya kioo ili aone kitakavyokaa. "Nitafuata mishale yako tu. Hata nikipotea, nitakuwa nimepotezwa na mtu wa nyumbani."

Kimya hakulala vizuri. Alijiambia kwamba wasomi wana mpango. Alijiambia mara nyingi sana, mpaka akaanza kusikia kwamba anajiambia.

Siku yenyewe kuingia kulifana, na hilo halina ubishi. Kila geti lilijazwa vyuma vinavyozunguka, virefu kuliko mtu. Unasukuma kimoja, kinakumeza, kinakutema ndani, na ukijaribu kukirudisha nyuma kinagoma. Watu elfu sitini na mia mbili waliingia kwa saa moja na dakika saba. Hotuba zikasomwa. Ngoma zikapigwa. Mkurugenzi akasimama kwenye Jukwaa la Heshima, akatoa takwimu za mtiririko, na wageni wakubwa wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Kimya alikuwa ndani tangu alfajiri, na kopo lake, brashi na ile kadi, kwa ajili ya mshale wowote utakaofutika.

Saa kumi kasoro robo sherehe ikaisha, na watu elfu sitini na mia mbili wakasimama.

Kwanza walicheka. Walishuka hadi kwenye mageti, wakakuta vyuma vimewapa mgongo, wakatazama ukutani kutafuta maelekezo, na ukutani mshale ukawaambia warudi kwenye viti. Wakaanza kurudi. Walipofika katikati ya ngazi wakakutana na wenzao wanaoshuka. Hapo kicheko kikapungua.

"Kaka, unanisukuma unipeleke wapi?"

"Nafuata mshale."

"Na mimi natoka kuufuata. Huko hakuna kitu."

Kimya alikimbilia kwenye kidirisha cha Chumba cha Udhibiti, nyuma ya Jukwaa la Heshima, ambako karatasi zilipitishwa. Kilikuwa wazi kidogo. Ndani Kamati ilikuwa imekaa kikao cha dharura, chupa za maji zimepangwa kwa ukubwa wa vyeo.

"Idadi ya walioingia?" aliuliza Mkurugenzi.

"Elfu sitini na mia mbili," alijibu Afisa wa Maingilio. "Haijawahi kutokea."

"Waliotoka?"

"Sifuri."

"Sifuri ni nzuri au mbaya?"

"Inategemea, Mkurugenzi. Kwa upande wa waliopotea, ni nzuri sana."

"Kutoka kuko chini ya nani?"

Karatasi zikapekuliwa. Mmoja akasema kutoka ni matokeo ya kuingia, kwa hiyo kuko chini ya Kitengo cha Matokeo. Mwingine akamkumbusha kwamba Kitengo cha Matokeo bado kiko kwenye rasimu.

"Basi tusiseme wamekwama," alisema Mkurugenzi. "Kukwama ni neno la mtaani. Tuseme wako katika uwepo endelevu."

Afisa akaandika. Akaushika mkono wa Mkurugenzi na kumsogezea kipaza sauti, na sauti ikatoka juu ya uwanja mzima, tulivu na yenye mwangwi:

"Ndugu wananchi, Idara inawapongeza kwa uwepo wenu endelevu. Tafadhali endeleeni kufuata mishale."

Na watu, kwa kuwa walikuwa watu wa utaratibu, wakaendelea. Wa chini wakapanda, wa juu wakashuka. Kelele ikabadilika. Ikawa ile ya chini, ya watu wengi wanaotafuta pumzi kwa wakati mmoja. Upande wa geti la nne Kimya aliona kilemba cha manjano kimebanwa ukutani, kinapanda na kushuka kama kizibo kwenye maji.

Akagonga kidirisha. Afisa akachungulia.

"Wewe wa rangi. Unataka nini?"

Alitaka kusema Bibi yangu yuko pale. Alitaka kusema fungueni. Alitaka kusema mengi kuliko aliyoyasema tangu aache shule.

"Rangi imebaki," alisema.

"Vizuri. Utaweka kwenye ripoti." Kidirisha kikafungwa.

Kimya alisimama hapo kwa muda mfupi akijitukana moyoni kwa ufasaha ambao hajawahi kuufikia mdomoni. Kisha akakimbia.

Kando ya geti la nne kulikuwa na geti la malori, la bati zito, lililoingiza viti na spika. Mbele yake alikaa mlinzi mwenye kizibao cha kung'aa, ufunguo umening'inia shingoni. Watu walikuwa wanamsihi, naye anawajibu bila hasira.

"Nisikilizeni. Geti hili halina mshale. Geti lisilo na mshale kwangu mimi ni ukuta. Nimesaini."

"Kaka, kuna wazee wanabanwa."

"Nawaona, dada. Nileteeni mshale, nafungua sasa hivi. Mimi na mshale hatuna ugomvi."

Kimya alipenya chini ya mikono ya watu. Aliibandika kadi ukutani, pembeni mwa geti, kama alivyoibandika mara mia nne na kumi na mbili, na mkono ulikuwa umeshachovya brashi alipoona ncha ya tundu inaelekea wapi. Inaelekea kwenye viti. Kwa mazoea tu.

Akaigeuza kadi.

Hakuna kingine alichofanya. Kadi ile ile, upande wa pili. Akapitisha brashi mara mbili, akabandua. Mshale mweupe ukabaki ukutani ukilitazama geti la malori, na nyuma ya geti la malori, barabara.

Watu wakautazama kana kwamba mtu amechora ndege anayeruka. Mlinzi akasimama, akausogelea, akaukagua.

"Mshale ni mshale," alisema. Kisha akakunja uso. "Ila kuna Kanuni ya Saba. Rangi ikauke kwanza."

Kimya alimwangalia. Sheria ilikuwa imemrudia mtungaji wake, na ilikuwa inamdai dakika ishirini, na kwa joto la siku ile labda kumi na tano. Nyuma yake sauti aliyoijua tangu utotoni ilikuwa inasema, ikikatika katika, "Taratibu, mwanangu, goti hili lina mwenyewe."

"Imekauka," Kimya alisema.

Mlinzi akagusa mshale kwa kidole. Kidole kikatoka cheupe. Akakitazama kidole. Akatazama kule ukutani, kwenye kilemba cha manjano, ambacho sasa hakikuwa kinapanda wala kushuka. Akakifuta kidole kwenye suruali, taratibu, mpaka rangi yote ikaisha.

"Kweli," alisema. "Imekauka." Na akafungua.

Watu walitoka kama maji yaliyopata njia. Wa kwanza walitolewa wazee, mikononi, viatu vikibaki nyuma. Bibi alitoka amebebwa na mwanamume asiyemfahamu, hana kiatu kimoja, midomo imekauka, anapumua kwa filimbi. Kimya alimketisha kwenye ukingo wa barabara na kumpepea kwa ile kadi. Ilichukua muda. Kisha macho yakatulia.

"Nilifuata mishale yako," alisema Bibi.

"Najua, Bibi."

"Yote."

"Najua."

Redio ya mlinzi ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Mkurugenzi. "Tumepata taarifa ya mshale usiotambulika kwenye geti la malori. Kuanzia dakika hii, ni marufuku mlango wowote kufunguliwa bila mshale wenye sahihi yangu, muhuri wa Idara, na rangi iliyokauka. Umepokea?"

"Nimepokea, Mkurugenzi. Hili lililo wazi je?"

"Nani kaliruhusu kuwa wazi?"

"Mshale, Mkurugenzi. Kulifunga sina mshale wake."

Redio ikanyamaza kwa kushauriana.

Kabla jua halijazama uwanja ulikuwa umebaki viatu, chupa, na Kamati. Jukwaa la Heshima lilikuwa na mlango wake wa peke yake, wa kioo kinene, uliotokea kwenye maegesho; ngazi ya kushukia uwanjani haikuwekwa, ili waheshimiwa wasichanganyike na wananchi. Mishale yake ilichorwa kwa rangi ya dhahabu, mara mbili ya ukubwa wa kawaida, na yote iliingia. Upande wa ndani mlango haukuwekwa kitasa. Mwongozo ulieleza sababu: waheshimiwa hawafungui milango, hufunguliwa.

Mlinzi aliitwa kwa redio aje awafungulie. Alikuja na ufunguo wake. Kimya na Bibi walikuwa wameketi hapo hapo kwenye maegesho wakisubiri goti likubali safari. Nyuma ya kioo walionekana Mkurugenzi, Afisa na wajumbe wote, wamesimama karibu karibu, tai zimelegea.

"Fungua," alisema Mkurugenzi kupitia tundu la hewa lililo juu ya mlango.

Mlinzi alikagua ukuta, kushoto na kulia. "Mshale wa kutoka uko wapi, Mkurugenzi?"

"Mimi ndiye niliyetoa amri."

"Ndiyo, na nimeipokea. Sahihi, muhuri, rangi kavu. Nimeiandika daftarini na kuisaini."

"Huyo binti achore hapo. Mimi nitasaini."

"Na muhuri?"

Muhuri ulikuwa ofisini, kwenye droo. Ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwa Afisa. Ukapitishwa kwenye tundu la hewa, dereva akaondoka nao, na dereva akaingia barabara ambayo watu elfu sitini na mia mbili walikuwa wanarudi makwao kwa utaratibu wao wenyewe. Hakuna aliyetegemea kumwona mapema.

"Tuseme wako katika nini?" Bibi alimuuliza mlinzi. "Lile neno alilolisema kule juu."

"Uwepo endelevu, mama."

"Hilo."

Mkurugenzi aliegemeza paji la uso kwenye kioo. Akamwona Kimya, kopo lake na kadi yake.

"Wewe ndiye uliyechora ule wa geti la malori," alisema. "Nani alikufundisha wa kutoka?"

Kimya alitazama chini. "Hakuna, Mkurugenzi."

"Na uligundua lini kwamba haupo?"

Neno likapanda. Lilifika kwenye meno, mahali lilipozoea kugeukia, likakuta macho yote ya Kamati yanalingoja nyuma ya kioo. Likatoka, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

"Nini?" alisema Mkurugenzi. "Hatusikii."

"Pandisha sauti, mjukuu wangu," alisema Bibi akikanda goti lake. "Kioo ni kinene."

Kimya akasimama, akalisema tena, na safari hii hata mlinzi aligeuka.

"Niliona siku ya kwanza. Ramani ikiwa ukutani, ninyi mkipiga makofi. Nikanyamaza, nikaichora yote mia nne na kumi na miwili, na Bibi yangu nikamwachia tiketi, kwa sababu nilidhani kutoka kunafundishwa darasa la sita."